Kisa cha Skåne: Upanga huchora mpaka, haugeuzi lugha

Kuna msemo unaopendwa mno na wanaisimujamii, kwamba lugha si kitu ila lahaja iliyobahatika kuwa na jeshi la nchi kavu na jeshi la majini. Msemo huo ulienezwa na Max Weinreich, mtaalamu wa Kiyidi, aliyeuchapisha mwaka wa 1945 akieleza kuwa aliusikia kutoka kwa mtu aliyehudhuria mihadhara yake. Katika miaka mingi niliyofundisha isimu nimeona wanafunzi wakisahau nadharia zote nilizowamiminia, lakini huo hawausahau ng'o!

Sina ugomvi na msemo wenyewe. Ila naona umebeba nusu tu ya ukweli. Jeshi laweza kuchora mpaka, na mpaka ukaamua jina ambalo lugha itaitwa. Lakini je, jeshi laweza kuingia kinywani mwa mtu likageuza namna anavyosema? Leo nataka tulijibu swali hilo kwa kulitazama jimbo moja la kale la Uswidi liitwalo Skåne (tamka 'Skone'), ambalo hadi mwaka wa 1658 lilikuwa la Denmaki.

Tuanze na ramani. Uswidi ina majimbo ya kale 25, ambayo wenyewe huyaita landskap. Siku hizi majimbo hayo hayana mamlaka ya kiutawala, kwani kazi hiyo hufanywa na mikoa. Hata hivyo yangali hai katika mioyo ya watu, maana jimbo ndilo lenye bendera, vyakula, ngano za kale na lahaja yake. Skåne ndilo la kusini kabisa. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 11,000, chini ya asilimia 3 ya nchi nzima, lakini lina watu wapatao milioni 1.4. Sababu haijifichi. Sehemu kubwa ya jimbo hili ni tambarare yenye udongo mzuri, shamba la ngano, shayiri na viazisukari. Ukielekea kaskazini, tambarare humalizika na kupisha misitu na mawe.

Upande wa magharibi upo mlangobahari wa Öresund. Pale unapobanana zaidi, kati ya mji wa Helsingborg upande wa Uswidi na Helsingør upande wa Denmaki, maji hayo hayazidi kilomita 4 hivi. Mtu akisimama ufuoni huyaona majengo ya nchi ya pili kwa macho yake. Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, uko mbali kiasi cha kilomita 600. Zamani hizo, kabla ya garimoshi, bahari ndiyo iliyokuwa barabara na msitu ndio uliokuwa ukuta. Basi si ajabu kwamba kwa karne nyingi watu wa Skåne waliitazama Copenhagen, wakaipa kisogo Stockholm.

Hata jina la jimbo hili lina uzito wake. Wataalamu wengi wa asili ya maneno wanakubaliana kwamba 'Skåne' na 'Skandinavia' yametokana na shina moja la kale. Yaani jina tunalolitumia kuziita nchi zote zile kwa pamoja lina udugu na jina la pembe hii ndogo ya kusini.

Na katika enzi za kati Skåne haikuwa pembe ya kusahaulika. Mji wa Lund, ulioanzishwa karibu na mwaka wa 990, ulipata askofu mkuu mwanzoni mwa karne ya 12, naye akawa mkuu wa kanisa katika Skandinavia nzima mpaka Norwe na Uswidi zilipopata maaskofu wakuu wao baadaye katika karne hiyo hiyo. Kanisa kuu la Lund, ambalo altare yake kubwa iliwekwa wakfu mwaka wa 1145, lingali limesimama. Kwenye rasi ya Skanör na Falsterbo, kila msimu wa samaki aina ya heringi, wafanyabiashara wa miji ya kaskazini mwa Ujerumani walifurika kununua samaki waliotiwa chumvi, na mfalme wa Denmaki akajaza hazina yake kwa ushuru. Tycho Brahe, mwanaastronomia aliyepima nyota kwa usahihi wa ajabu kabla darubini haijabuniwa, alizaliwa Knutstorp, Skåne, mwaka wa 1546. Vitabu humwita Mdenmaki, na havikosei. Alikozaliwa ndiko leo kuliko Uswidi.

Kwetu sisi watu wa lugha, hazina kubwa zaidi ni kitabu cha sheria. Skåne ilikuwa na sheria yake yenyewe, iliyoandikwa katika lugha ya wenyeji badala ya Kilatini. Nakala yake moja ya karibu na mwaka wa 1300, iitwayo Codex Runicus, imeandikwa yote kwa herufi za runi, zile herufi za kale za watu wa kaskazini, wakati ambapo wengine walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye herufi za Kilatini. Leo imehifadhiwa Copenhagen. Ukidhani runi zimekufa, hebu itazame simu yako. Ile alama ya Bluetooth ni runi mbili, ya H na ya B, zilizounganishwa kumkumbuka Mfalme Harald Bluetooth wa Denmaki. Teknolojia yenyewe ilianza kubuniwa na wahandisi wa kampuni ya Ericsson. Wapi? Pale pale Lund.

Sasa tuingie katika mwaka wa 1658. Denmaki ilikuwa imetangaza vita dhidi ya Uswidi mwaka uliotangulia. Majira ya baridi yalikuwa makali mno kiasi kwamba bahari kati ya visiwa vya Denmaki iliganda. Mfalme Karl X Gustav wa Uswidi akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: aliliongoza jeshi lake, farasi kwa mizinga, juu ya barafu hadi akaikaribia Copenhagen. Wadenmaki walishikwa pabaya. Mwezi wa Februari walitia saini Mkataba wa Roskilde na kuzitoa Skåne, Blekinge, Halland na sehemu nyingine. Inasimuliwa kwamba Joachim Gersdorff, mmoja wa wajumbe wa Denmaki, alipoishika kalamu alinung'unika kwa Kilatini akitamani lau hangejua kuandika. Nadhani si wengi katika historia waliowahi kujutia kisomo kwa sababu nzito kama hiyo.

Mkataba huo ulikuwa na kifungu cha tisa, na ningependa msomaji akishike vizuri. Kifungu hicho kiliahidi kwamba wakazi wa majimbo yaliyotolewa wangebaki na sheria na haki zao za tangu zamani. Kwa maneno mengine, bendera ingebadilika lakini mahakama, kanisa na desturi zingebaki zilivyo. Tutaona ahadi hiyo iliishia wapi.

Miongoni mwa sehemu zilizotolewa kilikuwamo pia kisiwa cha Bornholm, kilicho baharini kama kilomita 40 kusini mashariki mwa Skåne. Watu wa Bornholm hawakusubiri. Mnamo Desemba 1658 walimuua kamanda wa Uswidi katika mji wa Rønne, wakawakamata askari wake na kukirudisha kisiwa mikononi mwa mfalme wa Denmaki. Kisiwa hicho kingali cha Denmaki hadi leo.

Hapa ndipo msemo wa Weinreich unapopata nguvu zake zote. Usemi wa watu wa Bornholm na usemi wa watu wa Skåne ulikuwa wa ukoo mmoja. Wanaisimu wa kihistoria huuweka katika kundi moja, Kidenmaki cha Mashariki. Lakini uliza leo uambiwe: usemi wa Bornholm ni lahaja ya Kidenmaki, na usemi wa Skåne ni lahaja ya Kiswidi. Dada wawili wa tumbo moja wameandikishwa katika nyumba mbili, na chanzo chake ni tukio la Rønne la mwezi mmoja wa Desemba. Hakuna kanuni ya sarufi iliyoamua hivyo. Aliyeamua ni mpaka.

Lakini tusiharakishe kumpa Weinreich ushindi. Mpaka uliamua jina. Kuigeuza lugha yenyewe ni kazi nyingine, na jeshi lilipoijaribu lilishindwa vibaya.

Mwaka wa 1675 vita vilizuka upya. Denmaki ilivuka bahari mwaka uliofuata ili kuikomboa Skåne, na wakulima wengi wakaipokea kwa furaha. Mapigano ya Lund ya tarehe 4 Desemba 1676 yanahesabiwa miongoni mwa yaliyomwaga damu nyingi zaidi katika historia ya Skandinavia. Misituni, hasa kaskazini mwa jimbo, walikuwako wapiganaji waliomtumikia mfalme wa Denmaki. Waswidi waliwaita snapphanar, jina la dharau lenye maana iliyo karibu na majambazi. Mwezi wa Julai 1676, mahali paitwapo Loshult, msafara uliobeba hazina ya kivita ya mfalme wa Uswidi ulivamiwa na hazina hiyo ikaporwa.

Mfalme Karl XI alijibu kwa ukatili. Waliokamatwa waliuawa kwa mateso nisiyotaka kuyaeleza kirefu katika gazeti linalosomwa na familia. Mwaka wa 1678 aliamuru mashamba na nyumba zote za parokia ya Örkened ziteketezwe na kila mwanamume awezaye kubeba silaha auawe. Naitaja parokia hii makusudi. Tunapozungumzia 'mabadiliko ya lugha' madarasani kana kwamba ni mabadiliko ya hali ya hewa, ni vyema tukumbuke kwamba wapo waliolipa kwa maisha yao.

Je, moto huo ulimfanya mtu yeyote aanze kuzungumza Kiswidi? Sioni dalili yoyote. Mtu aliyechomewa nyumba humchukia aliyeichoma, na huichukia lugha yake pia. Vita vilipomalizika mwaka wa 1679 Skåne ilibaki chini ya Uswidi, lakini ilikuwa Uswidi kwa jina tu.

Ndipo serikali ilipobadilisha mbinu. Mwaka wa 1680 Rutger von Ascheberg aliteuliwa kuwa gavana mkuu, mzee wa vita aliyeelewa kwamba nguvu ina mwisho wake. Upande wa kanisa alikuwapo Askofu Canutus Hahn huko Lund. Wawili hawa hawakulifuta lile agano la kifungu cha tisa kwa amri. Walifanya jambo la werevu zaidi: waliwashawishi makasisi na watu wa mijini waombe wenyewe kuingizwa katika utaratibu wa Uswidi. Kwa Kiswahili chetu cha kila siku, watu waliombwa waombe! Mwaka wa 1681 makasisi walikubali ibada ya Kiswidi, na mwaka wa 1683 sheria ya Uswidi ikachukua nafasi ya sheria ya kale ya Skåne. Nani angelalamika kuwa ahadi imevunjwa, ilhali wenyewe ndio walioomba?

Tangu hapo kazi iliendeshwa na watu wasio na bunduki. Kasisi alihubiri kwa Kiswidi. Vitabu vya alfabeti, katekisimu na vitabu vya nyimbo za ibada vya Kiswidi vilisambazwa katika parokia. Karani wa parokia, ambaye kazi yake ya zamani ilikuwa kuimbisha na kugonga kengele, akawa mwalimu wa watoto. Kisha sheria ya kanisa ya mwaka wa 1686, iliyohusu nchi nzima, ikasisitiza kwamba kila mtu ajue kusoma neno la Mungu na katekisimu, na kasisi ndiye aliyewapima. Mtoto wa mkulima wa Skåne alijifunza kusoma kwa mara ya kwanza maishani, na lugha aliyojifunzia ni Kiswidi.

Na Chuo Kikuu cha Lund? Kiliidhinishwa Desemba 1666 na kufunguliwa rasmi Januari 1668, miaka 10 tu baada ya Mkataba wa Roskilde. Awali kijana wa Skåne aliyetaka kuwa kasisi alivuka bahari kwenda kusomea Copenhagen. Chuo kipya kilijengwa ili asivuke tena. Nakiheshimu sana chuo hicho, maana kimetoa wanazuoni wa kutajika, na Carl Linnaeus mwenyewe alianzia masomo yake ya juu pale mwaka wa 1727. Lakini sisi maprofesa tusijidanganye kwamba vyuo vikuu huanzishwa siku zote kwa mapenzi ya elimu tu. Hiki kilianzishwa pia ili kumkata kijana na mji uliokuwa kitovu cha lugha yake.

Matokeo yalikuwa ya haraka kuliko mtu angevyotarajia. Ndani ya vizazi viwili hivi, maandishi ya jimbo hilo yalihama kutoka Kidenmaki hadi Kiswidi. Na uaminifu wa kisiasa ulihama pia. Denmaki iliposhuka tena Skåne mwaka wa 1709, maasi ya wakulima kama yale ya miaka ya 1670 hayakutokea. Jeshi lake lilishindwa karibu na Helsingborg mwezi wa Februari 1710, na tangu hapo haikujaribu tena kuirudisha Skåne kwa silaha. Waliokuwa watoto wakati wa maasi walikuwa sasa wazazi, na watoto wao walikuwa wamekariri katekisimu ya Kiswidi.

Mambo yalikuwa hivyo katika maandishi. Kinywani yalikwenda polepole zaidi, na hayajakamilika hadi leo. Tazama mfano huu. Neno la 'keki' kwa Kiswidi ni kaka (tafadhali usimfikirie ndugu yako), na kwa Kidenmaki ni kage. Wazee wa Skåne husema kaga. Kwa 'barabara ya mjini' Mswidi husema gata, Mdenmaki huandika gade, na katika lahaja ya zamani ya Skåne ni gada. Kanuni iko wazi: vipasuo sighuna [p], [t] na [k] vikija baada ya irabu hugeuka kuwa ghuna [b], [d] na [g]. Jeshi la Karl XI halikuwa na silaha dhidi ya kanuni ya fonolojia. Msamiati nao umeacha alama. Mvulana ni påg na msichana ni tös, badala ya pojke na flicka za Kiswidi sanifu. Kinu huitwa mölla, karibu sawa na mølle ya Kidenmaki, ilhali Kiswidi sanifu husema kvarn. Mtaa maarufu wa Möllevången mjini Malmö umebeba neno hilo hadi leo.

Majina ya mahali ndiyo kumbukumbu isiyochomeka. Vijiji vingi vya Skåne huishia kwa -arp, ambayo ni sawa na -rup ya Denmaki. Zote mbili zimetokana na torp, neno la kale la kijiji kidogo kilichochipuka kutoka kikubwa. Mji wa Eslöv nao unaishia kwa -löv, ambayo ni -lev tunayoikuta katika Haderslev ya Denmaki, yenye maana ya mali iliyoachwa kama urithi. Mji wa Kristianstad umebeba jina la Mfalme Christian IV wa Denmaki, aliyeuanzisha mwaka wa 1614, na Waswidi hawakujisumbua kulibadilisha.

Kuna jambo jingine linalonifurahisha zaidi. Mtu wa Stockholm akitaka kumwigiza mtu wa Skåne huitoa [r] kooni, kisha husema eti watu hao huzungumza wakiwa na uji mdomoni. Wengi hudhani [r] hiyo ya kooni ni masalio ya enzi za utawala wa Denmaki. Kumbe sivyo! Utafiti wa lahaja unaonyesha kwamba sauti hiyo iliingia Skåne baadaye, katika karne za 18 na 19, ikitokea Copenhagen. Yaani mpaka ulikuwa umekwisha kuchorwa, vita vimekwisha, vitabu vyote ni vya Kiswidi, na bado sauti ikavuka maji bila kuomba pasi ya kusafiria. Kama jeshi lingekuwa na mamlaka juu ya lugha kwa kiasi tunachoambiwa, [r] hiyo ingekamatwa bandarini.

Leo Öresund ina daraja na njia ya chini ya bahari, zilizofunguliwa Julai 2000, zenye urefu wa kilomita 16 kwa pamoja. Maelfu ya watu huishi Malmö na kufanya kazi Copenhagen. Tamthilia ya televisheni ya mwaka wa 2011 iliyopewa jina la daraja hilo ina mpelelezi Mswidi na mwenzake Mdenmaki, kila mmoja akisema lugha yake na wakielewana. Bendera nyekundu yenye msalaba wa manjano, iliyochanganya rangi za Denmaki na Uswidi, hupepea majumbani. Ifikapo tarehe 10 Novemba, mkesha wa Mtakatifu Martin, familia huketi kula bata bukini, na baada yake huletwa spettekaka, keki ndefu ya mayai na sukari iokwayo kwa kuzungushwa karibu na moto. Watu wa Skåne ni Waswidi, na wanajua kwamba babu zao hawakuwa.

Basi turudi kwenye swali letu. Jeshi liliweza nini? Liliweza kuchora mpaka na kuamua kwamba usemi huu uitwe Kiswidi na ule wa Bornholm uitwe Kidenmaki. Si jambo dogo hilo. Lakini Kidenmaki cha Skåne hakikufa kwa moto wa Örkened. Kilidhoofika kiliponyang'anywa kazi. Kilitolewa mimbarini, kikatolewa mahakamani, kikatolewa shuleni, na kijana akaambiwa kwa upole kwamba njia ya kupata mkate haipiti tena huko. Lugha isiyo na kazi hubaki jikoni na shambani, na huko ikadumu kwa namna yake, imejificha katika majina ya vijiji na katika konsonanti za wazee.

Ndiyo maana huwa sina hofu kubwa na mtawala anayeipiga lugha marufuku kwa makelele. Marufuku huzaa ukaidi, na ukaidi huilinda lugha. Ninayemwogopa ni yule anayekuja kwa tabasamu, amebeba kitabu cha alfabeti mkono mmoja na barua ya ajira mkono wa pili, akituomba tuombe.